Rufaa Bila Wakili Ni Haki ya Karatasi

Haki haikomi penye hukumu ya kwanza. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, katika Kifungu cha 50, yampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya Serikali endapo kumkosa kutaleta dhuluma kubwa. Na yampa aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa.

Lakini sisi tunaoingia magerezani twajua yaliyomo. Aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 tu za kuwasilisha rufaa. Asiyejua kuandika humwomba mfungwa mwenzake amwandikie. Akishindwa katika Mahakama Kuu, huenda Mahakama ya Rufaa, ambako rufaa hiyo ya pili husikizwa juu ya hoja za sheria pekee. Maskini ambaye hakusomea sheria atazitoa wapi hoja hizo, hali anayempinga ni kiongozi wa mashtaka mwenye mshahara na ofisi?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa mwaka 2016. Twaishukuru. Hata hivyo, sheria haisimami kizimbani. Wakili ndiye husimama. Wakili wa kuteuliwa hulipwa ujira mdogo kwa kila kesi, nao huchelewa. Tukiri wenyewe: wako miongoni mwetu waliolifungua jalada la mteja wa namna hiyo usiku wa kuamkia kesi.

Kwa hivyo twapendekeza iundwe afisi ya utetezi wa rufaa, yenye mawakili wa kuajiriwa kwa masharti sawa na ya viongozi wa mashtaka: mshahara ule ule, kiinua mgongo kile kile, na kikomo cha majalada kwa kila wakili. Asifutwe kazi kwa kuishinda Serikali mahakamani.

Wapo watakaouliza: alishwaye na Serikali ataipingaje? Twajibu: majaji nao hulipwa na hazina iyo hiyo. Kinachowalinda ni Kifungu cha 160, kinachokataza kupunguziwa malipo yao. Uhuru wa mtumishi u katika masharti ya kazi yake.

Wengine watasema fedha hazitoshi. Mbona hupatikana za kushtaki na za kufunga?

Nanyi mnaowatembelea wafungwa, waulizeni ni nani aliyewaandikia rufaa zao. Kisha, bajeti inapojadiliwa, mpelekeeni mbunge wenu jibu hilo.