Poezi Siyo Mali ya Wafaransa

Kuna maneno ambayo sisi wasomi wa Uvira tumeyazoea mpaka hatuyasikii tena: «Poezi ni ya Kifaransa. Kiswahili ni ya soko.» Walimu wanayasema, na watu wenye diploma ya Serikali wanayasema pia, tena kwa kicheko. Mimi nasema ni uongo, na ni watoto wetu wanaoulipia.

Tazama namna mambo yanavyokwenda masomoni. Mtoto anaanza kufundishwa kwa Kiswahili, na baada ya miaka michache Kifaransa kinachukua nafasi yote. Akifika sekondari anaambiwa poezi ni mstari wa silabi 12 unaoitwa aleksandrini, na kwamba kuna rimi za kufuatana, za kupishana na za kukumbatiana. Haya, ahesabu! Lakini kuhesabu kwa Kifaransa kuna mtego. Ile «e» ya mwisho wa neno mara inahesabiwa, mara haihesabiwi, kufuatana na herufi inayokuja nyuma yake. Mtoto anayesikia Kifaransa mbele ya ubao tu atajuaje? Anakariri, anapata pointi zake, anasahau. Sina ugomvi na Kifaransa, nimekila mkate wake. Lakini shairi linapimwa kwa sikio, na sikio la mtoto wa Kalundu ao wa Kavimvira lilifunguliwa kwa lugha nyingine.

Sasa mpe mtoto huyo mistari miwili ya Kiswahili, hata hii niliyoitunga sasa hivi kwa ajili ya mfano:

Ziwa leo limelala, mvuvi anangojea,
Mawimbi hayana hila, upepo umepotea.

Ahesabu kwa vidole. Kila irabu ni pigo moja, hakuna herufi ya kujificha. Atapata mizani 8 mbele ya mkato na 8 nyuma yake, yaani 16 kwa kila mshororo. Atasikia mwenyewe kwamba vina vya kati ni «la» na vya mwisho ni «a». Kisha muulize: ziwa linalala kweli? Wimbi linaweza kuwa na hila? Hapo ameshajifunza tashihisi, yaani kukipa kitu matendo na tabia za mtu, na bado hamjamaliza nusu saa.

Kuna wanaojibu: «Sawa, lakini Kiswahili chetu cha Kongo si safi, mashairi ni ya watu wa pwani.» Hoja hii naipenda sababu inaanguka yenyewe. Katika ule mshororo wa kwanza, mtu akisoma «mvuvi» bila kuihesabu ile «m» atapata mizani 7, naye atasema mtungaji amekosea. Sheria ya mashairi inasema «m» hiyo ni pigo kamili: m-vu-vi. Na sisi huku tunasemaje? Muvuvi. Mutoto. Muti. Pigo ambalo mwandishi wa pwani anaficha ndani ya herufi moja, sisi tunalitamka wazi. Hata «nchi», ambayo ni mizani 2, kwetu ni «inchi», i-nchi, mizani 2 vilevile. Kwa hiyo matamshi tunayoyaonea haya ndiyo yangemsaidia mtoto kuhesabu bila kukosea.

Na hiyo pwani inayotutisha iko wapi? Kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, hapo ng'ambo, kwenye maji haya haya tunayooga. Na aliyekuja kupinga ulazima wa vina na mizani, Euphrase Kezilahabi, katika Kichomi ya 1974, alikuwa mtu wa Ukerewe katika ziwa Victoria. Mabishano makubwa kabisa ya ushairi wa Kiswahili yamewagusa watu wa maziwa kama sisi, nasi tumekaa ufukoni tukisema hayatuhusu. Ndugu zetu waliokimbilia Kigoma wakati wa vita vya 1996, waliporudi kupitia Baraka, walileta Kiswahili kilichonyooka. Tuliwacheka: «Anajifanya Mtanzania.» Tungewapa chaki.

Lakini nisieleweke vibaya. Sitaki tuhame kutoka utumwa wa silabi 12 kuingia utumwa wa mizani 16. Kifuliiru na Kibembe vina toni, na Kifuliiru kina irabu ndefu na fupi. Nyimbo zake hazitafuti vina. Nguvu yake iko kwenye mwito na kiitikio, na kwenye kurudia. Mama anayeomboleza kwenye kilio akirudia jina la marehemu, kila mara akiliongezea sifa nyingine, anatumia takriri, na anaitumia vizuri kuliko sisi. Mwanafunzi akijua jina la kitendo hicho anaweza kukiandika, kukilinganisha, hata kukikosoa. Asipolijua, siku yule mama akifa tunabaki na kilio bila wimbo.

Kwa upande wa vina, nina neno kwa washairi wetu wa harusi na wa mapokezi ya wakubwa. Kumaliza kila mstari kwa «njooni, simameni, pigeni, furahini» siyo kutafuta vina. Sarufi imekufanyia kazi, wewe umelala.

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha hizo kuwa za kufundishia na pia kuwa somo. Kwa hiyo mwalimu asiseme amefungwa mikono. Achukue saa moja kwa juma. Wiki ya kwanza wahesabu mizani kwa kupiga makofi. Ya pili kila mtoto alete wimbo mmoja kutoka kwa bibi yake, katika lugha ya bibi, auandike kwenye daftari, na darasa litafute pamoja ni nini kinachorudiwa humo na kwa sababu gani.