Bilionea na mfuko wa saruji



Nataka kujibu swali la mabilionea: wanatujenga au wanatubomoa? Mimi ni fundi uashi, nalijibu kwa saruji.

Kabla ya 2015, saruji nyingi tuliyojengea hapa Mtwara ilisafirishwa kutoka mbali, na gharama ya usafirishaji ilikuwa juu yetu. Kisha bilionea Aliko Dangote wa Nigeria akaja na kiwanda chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Wazalishaji wa zamani wakapata mshindani, vijana wakapata vibarua, mama lishe wakapata wateja. Anayesema tajiri hana faida yoyote, nadhani hajawahi kumwaga jamvi.

Lakini mwishoni mwa 2016 mitambo ilisimama kwa muda, kukawa na mvutano juu ya gharama za nishati, hadi Dangote mwenyewe akaja kuonana na Rais Magufuli. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mimi nikiweka mwiko chini, anaitwa fundi mwingine siku hiyo hiyo. Dangote akizima mtambo, anakaribishwa Ikulu.

Sina ugomvi na tajiri anayezalisha na kushindana. Nisiyemtaka ni yule anayebana soko, kisha anaomba msamaha wa kodi wakati mimi nakatwa hata kwenye muamala wa simu. Tume ya Ushindani isisubiri tulie. Ichunguze bei ya saruji mara kwa mara na itutangazie inachokiona.

Fundi uashi,
Mtwara