Sherehe Futeni, Hesabu Tusomeeni

Wanachuo wenzangu, nadhani mnaikumbuka ile Jumatatu ya tarehe 5 Desemba 2022. Wengine tulikuwa tunapiga hesabu bumu limebaki shilingi ngapi, wengine wanapanga wikiendi ndefu, maana tarehe 9 iliangukia Ijumaa. Ndipo habari ikadondoka kwenye grupu la darasa: sherehe za miaka 61 ya Uhuru hazipo. Waziri wa Nchi, George Simbachawene, ametangaza kwamba Rais Samia ameelekeza shilingi milioni 960 zilizotengwa kwa sherehe zikajenge mabweni katika shule nane za msingi zenye watoto wa mahitaji maalumu. Badala ya gwaride, wilaya zifanye midahalo na makongamano.

Grupu likachafuka. Upande mmoja wakasema Mama anaupiga mwingi, gwaride halishibishi mtu. Upande wa pili wakasema hii ni dharau kwa waliopigania nchi, na wengine wakauliza sherehe ya siku moja ilikuwaje ifikie karibu bilioni nzima. Mimi nilikaa kimya. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa na mawili, na yalikuwa yanagombana.

La kwanza ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Haoni tangu kuzaliwa. Ana miaka kumi na mmoja, anajua kutofautisha pikipiki zote za mtaani kwa mlio, anahesabu haraka kuliko mimi, lakini yuko nyumbani. Mama mdogo amehangaika kumtafutia nafasi shule yenye walimu wa Breli, na jibu ni lile lile: bweni limejaa, subirini mwakani. Kutoka kwetu Mchukwi mtoto wa namna hiyo hawezi kwenda na kurudi kila siku. Bila bweni hakuna shule. Sasa mimi, ninayesomea ualimu, ni nani hata nidai mizinga na ndege za kivita huku mdogo wangu amekaa barazani?

La pili nililikuta huko huko nyumbani. Alhamisi jioni nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu, usiku nikawa Mchukwi. Kesho yake, siku yenyewe ya Uhuru, ilipita kama Ijumaa nyingine. Watu walikwenda shamba, wakaswali, wakarudi kuuza maembe. Kama mdahalo ulifanyika wilayani, kwetu haukufika. Saa nne hivi bibi, aliyekuwa na redio yake sikioni, akaniuliza, "Mjukuu wangu, leo si Uhuru? Mbona kimya?"

Nikamweleza habari ya mabweni. Akafurahi kweli, akamwombea dua Rais. Halafu akanyamaza kidogo. Mwaka 1961 alikuwa mtoto wa miaka kumi na ushee huko bondeni Rufiji, kabla familia haijahamishiwa huku juu. Anasema watu walicheza ngoma mpaka alfajiri, naye hakujua wanashangilia nini, ila baba yake alimwambia kuanzia sasa mambo yetu tutakuwa tunaulizana wenyewe. Akanitazama, akasema: "Fedha kupeleka kwa watoto ni jambo jema. Ila na huko kuulizana, nako kumefutwa?"

Ndugu zangu, nimesoma makala nyingi kuhusu mjadala huu, na sijaona mtu aliyeuweka vizuri kama bibi. Sisi tumekuwa tunagombana kama sherehe ni matumizi mazuri ya fedha. Kumbe ugomvi wenyewe ni siku hii ni ya nani.

Tuangalie rekodi. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride akataka iwe siku ya usafi, wakati huo kipindupindu kikisumbua nchi, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam, kilometa 4.3. Nilikuwa bado sekondari; nilishika fyekeo, tukafyeka kuzunguka soko, na nakiri ilikuwa Uhuru niliyoifurahia kuliko zote. Mwaka 2018 sherehe zikafutwa tena, fedha zikaenda kujenga hospitali Dodoma. Mwaka 2020 zikafutwa, fedha zikaenda kwenye vifaa vya hospitali. Halafu 2022. Katika Desemba nane, mara nne hakukuwa na sherehe.

Kila mara sababu ilikuwa nzuri. Nani atapinga barabara, hospitali, mabweni? Lakini angalia pia namna inavyotokea. Kila mara tumeambiwa siku imeshakaribia, na uamuzi umeshatoka. Hatujui mwakani itakuwaje. Siku ya taifa imekuwa kama kipindi cha mwalimu mtoro, mnakaa darasani mkisubiri kuona leo ataingia au atatuma kiranja.

Kuna hasara tunayoisahau. Mwaka 2019 sherehe ilifanyika, Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba. Mwenyekiti wa Chadema, Freeman Mbowe, alihudhuria, akapewa nafasi ya kusalimia, na mbele ya Rais na umati akaomba maridhiano. Mimi si wa chama chochote, lakini nauliza: kama mwaka ule nao fedha zingepelekwa kwenye barabara, maneno yale yangesemwa wapi? Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016. Uwanja wa Uhuru ulikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizobaki ambapo mtawala na mpinzani wake wangeweza kusikika na wananchi wale wale, saa ile ile.

Na sisi wa Kibiti tuna sababu yetu ya kuthamini mkusanyiko. Kati ya 2016 na 2017 kwetu waliuawa viongozi wa vijiji na vitongoji, mmoja baada ya mwingine. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kule Mkengeni kwa siku moja. Nyumbani tulikuwa tunakula kabla jua halijazama, mlango unafungwa. Kuitwa mwenyekiti kukawa jambo la kuogopwa. Mkutano wa kijiji ulikufa, na pamoja nao ukafa uzoefu wa kusimama na kumwuliza kiongozi swali. Watu wa rika langu tulijifunza kukaa kimya kabla hatujajifunza kuongea. Kwa hiyo mtu akiniambia mikutano ni kupoteza muda na fedha, sisemi ni mjinga, nasema tu hajawahi kukaa mahali ambapo watu wanaogopa kukusanyika.

Sasa nije kwenye kazi yetu, ualimu. Mwaka jana nikiwa fildi nilipewa Historia, kidato cha tatu, mada ya kudai uhuru. Nikafundisha kwa mbwembwe zote: TANU 1954, Nyerere, uhuru 9 Desemba 1961. Mkufunzi aliyekuja kunikagua alikuwa amekaa nyuma anaandika. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama iliyopata uhuru ni Tanganyika, mbona kwenye mabango wanaandika Uhuru wa Tanzania Bara? Tanzania Bara ilitawaliwa na nani?"

Darasa likacheka. Nikajibu kama kitabu, kwamba Tanganyika iliungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964 ikazaliwa Tanzania. Kijana hakukaa. "Lakini Zanzibar jina lake lipo, na Mapinduzi wanasherehekea kwa jina lao kila Januari 12." Nikamwambia tutaendelea kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaanza mada nyingine. Jamani, nilijiona mdogo. Nililikimbia swali la mtoto, si kwa sababu jibu silijui, bali kwa sababu niliogopa jibu lingesikika kama siasa.

Hakuna nchi iliyoitwa Tanzania Bara iliyopata uhuru 1961. Kulitaja jina la Tanganyika hakuvunji Muungano, kama vile kutaja jina la baba yako mzazi hakuvunji ndoa yako. Lakini mwalimu ataogopa kulitaja darasani kama hata siku yenyewe ya Uhuru halitajwi kwenye bango.

Si jina tu. Katika darasa lile lile niliuliza nani anajua Kinjekitile Ngwale alitoka wapi. Mikono kama mitatu, na wote wakasema Songea. Hawa ni watoto waliozaliwa Kibiti na Rufiji! Kinjekitile alikuwa mtu wa Ngarambe, huku huku kwetu, na Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa ndiyo vimeanza. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wakajiunga na TANU kabla wengi wa wanaume hawajathubutu, alikuwa mbunge wa Rufiji. Mtoto wa kwetu anaweza kumaliza kidato cha nne akiamini uhuru uliletwa kwa gari kutoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Gwaride likifutwa, mimi sitalia. Mabweni yajengwe, tena si nane, themanini. Ila tarehe 9 Desemba isiwe kitu cha kutangaziwa kwamba mwaka huu ipo au haipo. Iwe na umbo moja la kudumu ambalo halihitaji bilioni, na umbo hilo liwe mkutano wa wananchi katika kila kijiji na mtaa, asubuhi ya siku hiyo.

Kwenye mkutano huo yafanyike mambo matatu. Kwanza, mzee au bibi wa pale pale asimulie alichokiona, maana waliokuwepo 1961 wanaondoka na kila mwaka wanapungua. Pili, hesabu zisomwe: fedha za sherehe ya mwaka jana zilikwenda wapi, zimejenga nini, imebaki nini. Milioni 960 kwa shule nane ni wastani wa milioni 120 kwa kila shule. Mama mdogo ana haki ya kujua shule hizo ni zipi na mwanawe anaombaje nafasi, bila kutegemea mtoto wa dada yake aliye chuo amsomee kwenye simu. Tatu, wanafunzi waulize maswali, likiwemo lile la Tanganyika, na mkubwa aliyepo ajibu.

Wenzetu Kenya sikukuu zao za taifa, Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, zimetajwa kwenye Katiba yao ya 2010, kifungu cha 9. Sisemi Wakenya hawagombani kwenye sherehe zao, wanagombana sana. Ninachosema ni kwamba kuiweka siku kwenye sheria pamoja na namna ya kuiadhimisha si jambo la ajabu.

Najua kuna atakayesema midahalo ilishaagizwa 2022, kwa hiyo ninadai kilichopo. Ni kweli iliagizwa. Lakini kongamano la ukumbini wilayani, lenye wageni waalikwa na chupa za maji mezani, si mkutano wa kijiji. Mwingine atasema mikutano nayo ina gharama. Kivuli cha mwembe hakina gharama. Na atakayesema watu watatumia nafasi hiyo kupiga siasa, namkumbusha kwamba Januari 3, 2023 Rais mwenyewe aliondoa lile zuio la mikutano ya hadhara ya vyama. Kama vyama vinaruhusiwa kutukusanya kutafuta kura, Serikali inashindwaje kutukusanya kututolea hesabu?

Kwetu sisi wa elimu deni ni kubwa zaidi. Miaka michache ijayo tutatawanywa, Nyamisati, Ikwiriri, Kakonko, Tunduru, popote ajira itakapotupeleka. Kwa watoto wengi mwalimu ndiye atakayewafanya wajue tarehe 9 Desemba ni kitu gani. Tukilikimbia swali kama nilivyolikimbia mimi, hakuna gwaride litakaloziba pengo hilo.

Kabla sijarudi chuo, mdogo wangu alinishika mkono akauliza, "Katika hayo mabweni nane, kuna la karibu na sisi?" Nilimwambia nitatafuta jibu. Bado nalitafuta. Desemba ijayo, tarehe 9, nitakuwa Mchukwi. Kama hakuna atakayeitisha mkutano, nitakwenda kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, nimpe shikamoo, nimwombe kibali na mabenchi mawili tu. Bibi keshasema swali lake analo, na kijana wa barazani naye anataka aongozwe mpaka mbele.