Rangi Imewaka Kupita Kiasi? Usikimbilie Boksi la Pili!

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi hucheka likimpata mwenzao, lakini likiwafika wao hulia. Ni ile rangi ya nywele uliyojipaka mwenyewe nyumbani. Ulitarajia kahawia ya kistaarabu, ukatoka bafuni kichwa kinawaka kama karoti iliyooshwa!

Kila msimu wa sendofu na harusi ukifika, simu yangu haikosi kilio cha namna hii. Na mara nyingi tatizo kubwa si ile rangi yenyewe. Tatizo ni kile mtu anachokifanya saa moja baadaye kwa hasira na aibu. Hapo ndipo nywele zinapokatika, na mapenzi nayo wakati mwingine yanapata ufa. Kwa hiyo kaa chini, vuta kiti, tusemezane.

KWA NINI IMEWAKA?

Nywele zetu hizi nyeusi si nyeusi tupu, shoga. Ndani yake kuna melanini ya aina mbili, moja ya weusi na ukahawia, nyingine ya wekundu na unjano. Rangi ya kudumu huja na vitu viwili ndani ya boksi: krimu yenye rangi, na chupa yenye haidrojeni peroksaidi. Ukivichanganya na kupaka, amonia iliyomo hufungua magamba ya unywele, peroksaidi inaingia na kuanza kula weusi wako wa asili huku rangi mpya ikijijenga mle ndani. Sasa weusi ukiliwa, kinachojitokeza kwanza ni wekundu, kisha chungwa, kisha njano. Ile karoti uliyoiona kwenye kioo ilikuwa imejificha kichwani mwako tangu ulipozaliwa!

Itazame pia chupa ya peroksaidi. Utakuta namba. Namba 10 ina asilimia 3, namba 20 ina 6, namba 30 ina 9 na namba 40 ina 12. Kadiri namba inavyopanda ndivyo nywele zinavyozidi kung'aa, na ndivyo zinavyozidi kuumia. Mtu anayetaka kuficha mvi tu au kuongeza ukahawia kidogo hana shughuli na 40.

Halafu kuna mizizi. Ngozi ya kichwa ina joto, na joto linaharakisha dawa. Ukianza kupaka mizizini na kumalizia kwenye ncha, mizizi itakuwa chungwa wakati ncha bado kahawia. Na kama nywele zako zina dawa ya kulainisha, magamba yake tayari yamelegea, zinanyonya haraka na bila mpangilio. Ndiyo maana picha ya yule dada kwenye boksi haiwezi kukuahidi chochote. Nywele zake si zako.

KISA CHA BI HARUSI MTARAJIWA

Shoga yangu mmoja, tumwite Bi Harusi, alinipigia simu Jumatano saa nne usiku. Sendofu yake ilikuwa Jumamosi. Alikuwa amefanya retachi siku tano kabla, na jioni ile akajipaka rangi ya boksi iliyoandikwa kahawia ya asali. Mizizi ikatoka chungwa kali, katikati dhahabu, ncha kahawia. Rangi tatu kichwa kimoja!

Kilichomliza hasa ni mchumba wake. Alikuwa sebuleni. Alipomwona akaangua kicheko, akamwambia, "Mpenzi, umeme ukikatika hatutahitaji mshumaa." Yeye alidhani anatania. Bi Harusi akajifungia chumbani, akasema sendofu haendi mtu, na kama mwanaume anamcheka leo, baada ya ndoa itakuwaje? Mkononi alikuwa na boksi la pili, nyeusi tii, kalinunua dukani kwa jirani, anataka kulipaka usiku ule ule.

Nikamwambia, "Mwenzangu, weka hilo boksi chini kwanza. Kichwa kinawasha?" Akasema kinachoma kidogo, na kuna vidonda viwili nyuma vilivyobaki tangu ile retachi. Basi mjadala ukaishia hapo. Ngozi yenye vidonda haipakwi rangi, iwe nyeusi, iwe ya dhahabu, hata kama kesho unakwenda Ikulu.

Alhamisi asubuhi tulikwenda wote saluni, naye akabeba boksi alilotumia. Fundi alisoma namba, akatenga nywele, akaangalia ngozi, akakataa. Alisema atarudisha rangi vidonda vikipona, siyo kabla. Bi Harusi alimsihi, akamwongezea dau, fundi hakutikisika. Nilimheshimu sana yule dada. Wapo wengi ambao wangechukua pesa na kumwachia Bi Harusi majeraha.

USIKU WA KWANZA FANYA HIVI

Suuza kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, mpaka yatoke meupe. Paka kondishena, kausha kwa taulo bila kusugua, kisha lala. Ndiyo, lala! Rangi iangalie asubuhi, nywele zikiwa kavu, nje kwenye mwanga wa jua. Nywele mbichi na taa ya bafuni vinadanganya.

Ukiona uso au macho yanavimba, malengelenge, au pumzi inabana, hiyo si kazi ya saluni tena, kimbia hospitali. Rangi nyingi za kudumu, hasa za giza, zina kemikali iitwayo PPD, na wapo watu ambao mwili wao huikataa kabisa. Ndiyo maana maelezo ya boksi yanakwambia ujaribu kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkono saa 48 kabla. Tunayaruka maelezo hayo kama tunavyoruka masharti ya mkopo, kisha tunashangaa. Kama umewahi kuumuka kwa piko nyeusi ya harusini, chukua tahadhari mara mbili, kwa sababu piko nyingi nyeusi huchanganywa na rangi hiyo hiyo ya nywele.

USITHUBUTU HAYA

Usipake dawa ya kulainisha eti "itapunguza mwanga". Itapunguza nywele. Baada ya rangi subiri angalau wiki mbili, na kama nywele zimechoka subiri zaidi. Usitie blichi juu yake. Na wale mnaoshauriana jiki, limao na sabuni ya kufulia, jamani, kichwa si shuka!

Usikimbilie pia nyeusi tii. Inaonekana ni njia ya mkato, lakini rangi haiondoi rangi. Siku ukitaka kurudi kwenye kahawia, rangi nyingine ya boksi haitaupandisha ule weusi, na itabidi upite kwenye blichi ambayo tumeshasema ni balaa. Isitoshe, nywele zilizounguzwa hunyonya nyeusi kwa mabaka.

DAWA YAKE NI NINI?

Kama imewaka kidogo tu, subiri. Osha nywele mara tatu nne kama kawaida yako, rangi itatulia yenyewe, na jicho lako nalo litazoea. Kama bado hujaridhika, tafuta rangi ya muda, ile isiyo na amonia wala peroksaidi, yenye kivuli cha ubaridi. Mafundi wana siri yao: bluu huzima chungwa, zambarau huzima njano, na kijani huzima wekundu. Kwenye maboksi mengi namba ya kwanza inaonyesha giza, 1 ni nyeusi na 10 ni nyeupe ya dhahabu. Inayofuata baada ya nukta inaonyesha kivuli. Kwa kampuni nyingi, moja baada ya nukta ni kivuli cha jivu, nacho ndicho kinachotuliza chungwa. Nne mara nyingi ni shaba, na ukiipaka juu ya karoti utaongeza moto kwenye moto. Jaribu kwanza kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio.

Kama ni mabaka, au rangi tatu kama za Bi Harusi, nenda kwa fundi na ubebe boksi ulilotumia. Mwambie ukweli wote: retachi ya lini, hina ya lini, rangi ya lini. Hina za unga zilizochanganywa na madini zinaweza kugombana vibaya na peroksaidi, kwa hiyo usimfiche fundi kama unavyomficha mama mkwe.

Wakati unasubiri, zilishe nywele. Fanya stimingi kila wiki, weka pasi na draya pembeni, na usisuke kwa kubana. Kisha fanya jaribio dogo: chukua unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Ukivutika na kurudi, uko salama. Ukivutika kama jojo bila kurudi, usiongeze kemikali yoyote, punguza ncha na uzipe muda.

NA NINYI AKINA KAKA

Sasa nigeuke upande wa pili. Kaka zangu, mkeo au mchumba akitoka bafuni na kichwa cha chungwa, najua kicheko kinakuja chenyewe. Kimeze. Kwako ni nywele tu, lakini yeye tayari anawaza wafanyakazi wenzake, mama yako, na picha zitakazokaa ukutani miaka arobaini. Sentensi moja inatosha: "Pole, kinauma? Kesho tunakwenda wapi kurekebisha?" Utani uuweke benki, mtautumia wote wawili baada ya mwaka.

Na wewe dada, usipime ndoa nzima kwa kicheko cha dakika moja. Mtazame anafanya nini kicheko kikiisha. Mchumba wa Bi Harusi hakujua kuomba msamaha kwa maneno mazuri, si unajua tena wanaume wa Bongo. Lakini Alhamisi ile aliomba ruhusa kazini, akazunguka naye Kariakoo jua la saa saba kutafuta kitambaa cha kilemba kinachooana na gauni. Maduka manne, na mfuko kaubeba yeye.

Jumamosi Bi Harusi aliingia ukumbini na kilemba, na ukumbi mzima ukadhani ndiyo mtindo aliouchagua tangu mwanzo. Rangi ilirekebishwa wiki tatu baadaye, vidonda vilipopona, kwa kahawia ya giza isiyo na amonia. Haikurudi nyeusi kama zamani, na ncha zilipunguzwa vidole viwili. Lakini nywele zipo, na mume yupo.

Basi wapenzi, anayetaka rangi na apake, sote tuna haki ya kujibadilisha. Ila soma maelezo, pima saa 48 kabla, na usiwahi kujaribu kitu kipya kichwani wiki ya shughuli kubwa. Shughuli ikiwa Jumamosi, rangi ifanyike mwezi mmoja kabla, ili hata ikiwaka uwe na muda wa kuizima.

Tukutane tena mwezi ujao, panapo majaliwa. Mpendane!