Kaboni tamu, ila pimeni baiskeli kabla ya kupima vijana

Jumamosi iliyopita nilipanda baiskeli ya mashindano ya kaboni kwa mara ya kwanza. Ni mpya kabisa, ya rafiki yangu anayetembeza watalii kwa baiskeli hapa Arusha. Aliniachia asubuhi nzima. Jina la kampuni silitaji, hapa si mahali pa matangazo.

Tuliipima kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 7.5. Yangu ya chuma, niliyoshindania enzi za ujana, ina kilo 12. Hata kwa wakubwa, UCI, shirikisho la baiskeli duniani, hairuhusu baiskeli ya mbio za barabara ipungue kilo 6.8.

Nikatoka Sakina kushika barabara ya Namanga. Jamani, tusidanganyane, kitu ni kitamu! Ukikanyaga pedali, inaitika hapo hapo. Ile yangu nikisimama mlimani naisikia fremu ikipinda kushoto, kulia. Hii imetulia tuli. Matuta ya rasharasha ambayo hunigonganisha meno niliyapita bila kulaani mtu, ingawa hapo sifa nyingi ni za tairi, ambazo ni pana na hazijazwi upepo mwingi. Breki ni za diski, vidole viwili tu vinatosha.

Nilipoipita Ngaramtoni kuupanda mlima wa Oldonyo Sambu, nikasikia vidumu vinagongana nyuma yangu. Kugeuka, namuona kijana wa maziwa anarudi nyumbani, kavaa kandambili, baiskeli yake ya chuma ina keria kubwa na haina hata gia. Nikaongeza kasi. Akaongeza. Kilomita nzima sikumuacha!

Tuliposimama akanisalimia, "Shikamoo mzee." Nikampa azunguke kidogo. Akarudi anacheka: "Nyepesi kweli, mzee. Sasa maziwa itabebaje?"

Nilirudi mjini nikipiga hesabu. Nina kilo 70. Mimi na chuma changu ni kilo 82, mimi na kaboni 77.5. Tofauti ni kama asilimia tano na nusu. Kwenye mlima mkali wa nusu saa, hiyo ni kama dakika moja na nusu, kwa miguu ile ile. Kwenye tambarare uzito hausumbui sana. Adui pale ni upepo, na unaogongana nao zaidi ni mwili wa mwendeshaji, si fremu.

Kwa hiyo wanaosema "baiskeli si kitu, miguu ndiyo kila kitu" wanakosea. Katika mbio, dakika moja na nusu ni tofauti ya bingwa na mtu asiyekumbukwa. Ukimpanga wa kaboni na wa chuma mstari mmoja, halafu ukachagua timu kwa aliyetangulia kufika, umechagua mfuko wa mzazi.

Lakini simaanishi klabu zikimbilie kaboni. Chuma kikivunjika, fundi wa kuchomelea anakiunga jioni ile ile. Kaboni ikianguka vibaya inaweza kupasuka kwa ndani, nje usione kitu, na mafundi wa kuitengeneza hapa kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa hesabu yangu, pesa ya hiyo moja inanunua baiskeli tano za alumini za mtumba zenye gia, na helmeti juu. Mdhamini mwenye pesa, nunua hizo tano.

Waandaaji nao nawaomba jambo dogo. Pimeni baiskeli kabla ya kuanza. Za chuma zikimbie peke yake, na za mashindano peke yake. Kisha anayetamba kwenye chuma aazimwe nzuri mwezi mzima, tumuone.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za barabara, ya kwanza kufanyika Afrika. Milima ile ni jirani na yetu, na sisi milima tunayo. Kijana wa maziwa huupanda wa kwake kila siku, na hakuna kocha anayemjua. Kama tatizo ni mizani, ya duka la nafaka nitaazima mimi.