Mpita Njia Hana Honi

Nitasema wazi, anayenuna anune: mitambo ya kuhesabu magari barabarani ina upendeleo, na upendeleo huo unaanza siku fundi anapochagua pa kufukia waya.

Kazi ya kuhesabu nimeifanya mwenyewe, tena bila mtambo. Nilikuwa benchi, sina hili wala lile, kampuni moja ikanichukua siku tatu nikae Mtoni kwa Aziz Ali, pembeni ya Barabara ya Kilwa, na kalamu na fomu. Fomu ilikuwa na safu zake: gari dogo, pikapu, basi, lori, pikipiki. Tangu saa kumi na moja alfajiri wananipita mama lishe na masufuria, wanafunzi, wamachinga wanaokanyaga hadi Kariakoo ili waokoe nauli. Nikauliza, hawa niwaandike wapi? Msimamizi akacheka. "Dogo, hapa tunahesabu vyombo, hatuhesabu watu." Basi nikageuza karatasi, nikawapigia vijiti upande wa nyuma. Jioni akanakili upande wa mbele, karatasi akanirudishia.

Leo tunaambiwa vihisio vitamaliza ubabaishaji huo. Wapi! Kile cha kawaida ni koili ya waya inayofukiwa chini ya lami na kupitishwa umeme. Bodi la gari likipita juu yake, umeme unabadilika, kisanduku kando ya njia kinaandika moja. Prado lenye mtu mmoja ni moja. Daladala ambalo konda keshashindilia watu mpaka wananing'inia mlangoni, nalo ni moja. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani ni sifuri. Hiyo ni sensa ya mabati, washikaji. (Na sisi tunaoandika humu tusijichekee: kila hadithi yetu ya foleni inasimuliwa na mtu aliyepata siti ya dirishani.)

Tabia hii ni ya zamani. Mwaka 1928, mjini Baltimore, Marekani, Charles Adler aliweka taa za njia panda zenye masikio: dereva anasimama kwenye nyekundu, anapiga honi karibu na kinasa sauti, taa inambadilikia. Ujanja mtupu, namvulia kofia. Lakini mpita njia hana honi.

Vihisio ni ghali, huwezi kuvitandaza kila barabara. Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu, nakiri. Gari lililoingia njia panda lazima litoke. Kwa hiyo zikikutana barabara tatu za kwenda upande mmoja, unahesabu mbili, ya tatu unaipata kwa kutoa. Ukichagua vizuri pa kuviweka, vihisio vichache vinakusomea mtandao mzima. Sharti lake ni moja tu, kwamba hakuna kinachopotea njiani. Sasa njoo Mbagala uone! Daladala linakatisha ruti na kugeuzia uchochoroni, abiria wanatukana. Bodaboda inapanda njia ya waenda kwa miguu. Guta limeegeshwa juu ya lami linashusha viazi. Kutoa kwako kunazaa namba ya uongo, halafu namba hiyo hiyo inavaa tai na kuingia mkutanoni kuomba barabara ipanuliwe.

Nisisikie mtu akisema teknolojia ya kuhesabu watu haipo. Kamera zinazohesabu vichwa zipo, na zinafanya kazi katika miji mingine. Kinachokosekana ni mtu wa kuzielekeza kwetu. Kihisio cha kwanza kikija, kisiende Masaki. Kiwekwe Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na moja alfajiri kiwe macho, na fomu yake iwe na safu ya miguu kabla ya safu ya gari dogo. Wakisema hawajui waanzie wapi, ile karatasi bado ninayo. Waigeuze nyuma.