Vijana wa kamera, acheni picha iseme

KILA Jumamosi wanafunzi wangu huniletea simu zao nitazame filamu walizopiga wenyewe. Karibu zote ni moja: watu wawili wameketi sebuleni, mmoja anasimulia walivyokimbia vita, walivyoishi Tanzania, walivyorudi wakakuta shamba lina mwenyewe. Dakika kumi za maneno. Ukifumba macho hukosi kitu.

Siwalaumu. Hata sisi tuliosoma kambini Mtabila, mkoani Kigoma, sinema tuliijulia kwenye kibanda cha video, ambako mtafsiri hakunyamaza hata kidogo. Tulizoea kuambiwa, hatukuzoea kutazama.

Aliyenifumbua macho ni Sembène Ousmane wa Senegal, kwa filamu yake La Noire de... ya mwaka 1966. Diouana, msichana wa kazi wa Dakar, anawapa waajiri wake Wafaransa kinyago. Dakar kinyago hicho kimechanganyika na vinyago vingine. Ufaransa kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, mpweke kama yeye. Diouana anapokufa, mwajiri anakirudisha kwao. Mtoto anakivaa usoni na kumfuata bwana yule nyuma hadi anakimbilia gari lake. Hakuna anayeeleza maana ya kinyago. Aliyewahi kuwa mkimbizi haulizi.

Nasi tunacho chetu: kopo la mafuta ya msaada. Lile tulilopewa kambini, leo mama wa mpakani anapimia maharage. Hiyo ni filamu tayari. Anza na picha ya mbali: mlima, njia, watu wadogo wenye mizigo mikubwa. Kisha sogea karibu kwa miguu yako, usivute kwa simu: mkono, kopo, maharage yakimiminika. Piga asubuhi au jioni, kwa maana jua la saa sita hutia kivuli machoni. Tuliza mkono. Acha sauti ya maharage isikike. Usimuulize mama swali lolote.

Ndugu zangu, hili si jambo la burudani tu. Kesi za mashamba bado zinatugawa, na wazee wetu walioyaona wanakwisha. Jirani aliyebaki nchini, ukimpa hotuba naye atakujibu kwa hotuba. Lakini mwonyeshe bibi kizee amesimama kimya kando ya mwembe alioupanda yeye mwenyewe, ambao sasa uko ndani ya ua wa mtu mwingine. Huenda naye akanyamaza kidogo. Mazungumzo ya kweli yaanzie hapo.